Gorogoro Iliyobonyea: Historia Fupi ya Kupima Tunachopanda

Pale steji yetu ya Pioneer kuna jamaa ambaye amekuwa akibeba watu tangu nikiwa shule ya msingi. Nitamwita Bro hapa, kwa sababu hata mtaani ndivyo ninavyomwita. Alianza na baiskeli. Akahamia kwa Boxer. Sasa ana pikipiki ya umeme, ile isiyopiga kelele, ambayo mama mboga wanalalamika kwamba inawatokea nyuma kama paka.

Jioni moja alinisimamisha nikitoka dukani. Akanionyesha kioo cha pikipiki: 100%. "Imejaa, si ndio? Sasa niambie kwa nini hii ya leo haitanifikisha mahali ile ya jana ilinifikisha."

Betri si yake. Pikipiki analipia polepole, lakini betri ni za kampuni. Ikikaribia kuisha anaenda kwenye kabati la betri, anaacha iliyochoka, anachukua iliyojaa, analipa, anaendelea na kazi. Mwanzoni, anasema, kila betri ilikuwa sawa na nyenzake. Siku hizi ni bahati nasibu. Kuna betri ya kumbeba asubuhi yote, na kuna betri ya kumwacha akitafuta kabati kabla ya saa sita. Zote zikitoka kabatini zinasema 100%. Alienda ofisini kwao, wakaangalia kompyuta, wakamwambia mfumo unaonyesha betri zote ni nzima.

Nikamwuliza enzi za Boxer alikuwa anajuaje mambo yakianza kuharibika. Akacheka. "Hiyo nilikuwa naisikia tu."

Kiswahili kina neno tamu sana hapo. Kusikia si kazi ya masikio peke yake. Unasikia sauti, unasikia harufu, unasikia baridi, unasikia mtetemo kwenye mikono. Kwa karibu miaka 60 ya boda boda, kifaa cha kupima chombo kilikuwa mwili wa yule anayekiendesha. Leo Bro anapanda kitu asichoweza kukisikia, na mwenye kukisikia ni kompyuta ya mtu mwingine. Nataka tuangalie tulifikaje hapa.

Enzi ya spoku

Boda boda ilizaliwa mpakani. Miaka ya 1960, kule Busia na Malaba, kulikuwa na nafasi kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, na gari haliwezi kukuvusha bila makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Walikaa hapo wakiita abiria, "border, border", kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na midomo yetu ikalitengeneza neno hadi likawa boda boda. Kutoka hapo biashara ikaenea Uganda na magharibi mwa Kenya, ikapanda hadi huku kwetu Eldoret.

Baiskeli yenyewe ilikuwa Black Mamba, chuma kizito, cheusi, breki za vyuma vya kuvuta. Iliundwa kubeba mtu mmoja na mzigo kidogo. Sisi tukaongeza kiti cha sponji nyuma, vyuma vya kukanyagia, na mtu mzima mwenye gunia la viazi.

Hapo ndipo upimaji ulianzia. Huko viwandani baiskeli hupimwa kwa mashine. Kiwango cha kimataifa cha sasa, ISO 4210, kinataka fremu ifungwe kwenye mtambo na kusukumwa kwenye pedali mara 100,000 ili ionekane kama itapasuka. Lakini mtambo huo hupima baiskeli kama alivyoifikiria aliyeiunda. Hakuna aliyeweka abiria wa Langas na gunia lake kwenye hesabu.

Kwa hiyo mwendeshaji alijipimia mwenyewe. Bro anasema asubuhi alikuwa anapitisha kidole kwenye spoku kama mtu anayepiga nyatiti. Spoku iliyokaza ina mlio mmoja, iliyolegea ina mlio mwingine, na iliyokaribia kukatika haina mlio kabisa. Tairi alilipima kwa kidole gumba. Rimu aliizungusha akiangalia pengo kati yake na mpira wa breki. Breki alizijaribu kwenye mteremko wa kuelekea Mto Sosiani akiwa peke yake, kabla ya kubeba mtoto wa mtu.

Usiidharau hiyo mbinu. Ilikuwa maabara kamili: kuna mzigo, kuna mlima, kuna kumbukumbu. Shida yake ni kwamba kosa lilipatikana kwa goti la mtu.

Enzi ya sikio

Karibu na 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki zisizozidi 250cc. Ghafla kijana aliyekuwa akinyonga baiskeli angeweza kuota injini. Pikipiki za China na India zikajaa barabarani, na baiskeli za abiria zikaanza kupotea mjini. Bro alikuwa mmoja wa waliouza Black Mamba. Aliyeinunua aliitumia kubebea maziwa.

Na injini ilikuwa na historia yake ndefu ya kupimwa. Karibu 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alitengeneza kifaa rahisi sana: vipande vya mbao vinavyobana mhimili unaozunguka, vikiwa na mkono mrefu wenye uzito mwishoni. Injini inajaribu kuuzungusha mkono, uzito unakataa. Ukijua uzito, urefu wa mkono na kasi ya mzunguko, unajua nguvu ya injini. Mashine za leo ambazo pikipiki hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma na kukimbia bila kwenda popote ni wajukuu wa zile mbao za Prony.

Kenya nayo haikuwa imelala. Shirika la viwango, KEBS, lilianza kazi 1974. Mwaka 2005 likaanzisha utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Maana yake, pikipiki iliyofika Eldoret ilitakiwa kuwa imeshapita mbele ya macho ya mtu fulani mbali sana na hapa.

Na tulishawahi kujaribu kuunda vyetu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wakaunda magari matano ya majaribio. Yalionyeshwa hadharani 1990, na jina lake likanifurahisha nilipolisoma mara ya kwanza: Nyayo Pioneer. Jina la mtaa wangu! Yaliweza kufikia kilomita 120 kwa saa, na hiyo ndiyo namba watu wanayoikumbuka. Lakini kuunda magari matano si sawa na kuunda elfu tano. Elfu tano zinahitaji kila kipande kilingane na mwenzake kwa vipimo vidogo kuliko unywele, na hilo linahitaji mitambo, vifaa vya kupimia na pesa. Pesa hazikutosha. Mradi ukazimika, na kilichobaki kikaja kuwa kiwanda cha kuchonga vipuri kwa mashine za kompyuta, Numerical Machining Complex, kilichoanzishwa 1994. Kwangu mimi hilo ndilo fundisho la Nyayo Pioneer: kasi ilipatikana mapema, vipimo ndivyo vilivyotushinda.

Lakini steji haikungoja mitambo. Fundi wa jua kali anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kama daktari na kifua cha mtoto. Anasikia beringi inayolia. Anachomoa plagi na kuiangalia rangi: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe, injini inachemka kupita kiasi, kahawia, enda salama. Cheni anaiinua kwa kidole. Oili anaisugua kati ya vidole viwili na kuinusa. Bro alikuwa anajua Boxer yake itadai nini wiki mbili kabla haijadai.

Kumbuka jambo moja hapa, maana tutalirudia. Fundi na mwendeshaji walikuwa na kifaa kilekile: mwili. Fundi akikudanganya kwamba beringi imekufa, ungeweza kuinama na kusikiliza mwenyewe.

Enzi ya kompyuta

Umeme ulikuja na kimya. Kigali ilitangulia, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme na kubadilisha betri huko 2019. Nairobi kulikuwa na Opibus, iliyoanza 2017 na baadaye kubadilisha jina kuwa Roam. Machi 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilizindua majaribio ya pikipiki za umeme Nairobi. Mwaka 2023 sheria ya fedha ikaondoa VAT kwenye pikipiki na baiskeli za umeme, na Septemba mwaka huohuo Rais Ruto akazindua mradi wa Spiro Mombasa. Mwaka 2024 pikipiki ya Roam ilitoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 6,000, ikichajiwa kwa jua. Huo nao ni upimaji, na ni wa zamani kuliko mashine yoyote: chukua chombo, nenda nacho mbali, uone kama kitarudi.

Lakini betri ya lithiamu haikubali kupimwa kwa safari peke yake. Dunia ilijifunza hivyo kwa moto. Zile mbao za umeme za magurudumu mawili ambazo watoto wa Marekani walipewa Krismasi ya 2015 zilianza kuwaka ndani ya nyumba, na Julai 2016 zaidi ya 500,000 zikatangazwa kurudishwa. Mwaka huo ndipo kiwango cha UL 2272 kikaandikwa kwa ajili yake. New York, ambako wapelekaji wa chakula wanatumia baiskeli za umeme kama sisi tunavyotumia boda, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 mwaka 2023. Jiji likapitisha sheria kwamba baiskeli, skuta au betri isiyopimwa na maabara haiuzwi.

Na wanapima nini huko maabara? Nilipoanza kusoma nilihisi kama ninasoma kesi ya mateso. Kabla betri ya lithiamu haijaruhusiwa kusafirishwa, utaratibu wa Umoja wa Mataifa uitwao UN 38.3 unataka iwekwe kwenye chumba kisicho na hewa karibu yote, kama iko angani kilomita 15 juu, kwa saa sita. Inachemshwa hadi nyuzi 72, kisha inagandishwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, mara kumi. Inatetemeshwa. Inagongwa. Ncha zake mbili zinaunganishwa makusudi. Inajazwa kupita kiasi. Kwa pikipiki kuna kanuni nyingine ya Umoja wa Mataifa, namba 136, iliyoanza kutumika 2016. Ile betri ya kutoa na kurudisha, kama ya Bro, inaangushwa kutoka mita moja juu ya sakafu ya zege, ikigonga kwa pande tofauti. Mtu fulani, mahali fulani, alifikiria mkono uliochoka saa tatu usiku, na betri inayoteleza. Nilimpenda huyo mtu bila kumjua.

Vifaa vyote hivyo vinajibu swali moja: je, betri hii mpya itaua mtu? Ni swali kubwa, na ni haki liulizwe kwanza. Ila swali la Bro ni lingine. Betri hii ya zamani, imebaki kiasi gani?

Kitako cha gorogoro

Kila mtu aliyekulia soko la Kenya anaijua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia mahindi na maharagwe. Na kila mtu aliyelelewa na mama makini anajua mchezo wake. Muuzaji anabonyeza kitako cha mkebe kiingie ndani. Juu unajaa vilevile, hata unapewa kilima cha nyongeza. Lakini ndani umepungua. Mama yangu hanunui kabla hajapitisha kiganja chini ya mkebe.

Asilimia inayoonekana kwenye kioo cha pikipiki ni kilima cha gorogoro. Inakuambia mkebe umejaa. Haikuambii mkebe wenyewe una ukubwa gani leo. Kila betri ya lithiamu inapochajiwa na kutumika inabonyea kidogo, na joto, chaji ya haraka na umri vinaibonyeza zaidi. Wahandisi wanatenganisha mambo mawili: kiwango cha chaji, na afya ya betri. Kioo kinaonyesha la kwanza. La pili liko kwenye kompyuta.

Weka namba uone. Chukua betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Zidisha: wati-saa 2,880. Kama pikipiki inakula wati-saa 36 kwa kilomita, mfano tu, betri mpya inakupeleka kilomita 80. Ikibaki na afya ya asilimia 70, inabeba wati-saa 2,016, nawe unafika kilomita 56. Kilomita 24 zimepotea, na kioo bado kimeandika 100% bila kudanganya hata kidogo. Ni 100% ya mkebe uliobonyea. Wenye magari ya umeme kwa kawaida huhesabu betri kuwa imezeeka ikifika asilimia 80 ya uwezo wake wa kwanza.

Ungefikiri mita ya fundi, ile ya nyaya mbili nyekundu na nyeusi, itakusaidia. Haisaidii sana. Betri nyingi za aina hii, hasa za lithiamu na chuma na fosfeti, volti zake hubaki karibu palepale kutoka juu hadi zikaribie kuisha. Fundi akigusa ataona namba nzuri na kukwambia ni nzima. Kifaa kinachosema ukweli ni kingine: mashine inayoijaza betri kabisa, kisha kuinyonya kwa mzigo usiobadilika huku ikihesabu kila ampea inayotoka hadi tone la mwisho. Inachukua saa nyingi. Kimsingi ni kumwaga mahindi yote ya gorogoro na kuyapima upya kwenye mizani.

Na mizani tunayo sheria yake. Sheria ya Vipimo na Mizani, sura ya 513, inataka mizani ya mwenye bucha ikaguliwe na kupigwa mhuri. Nenda kwa bucha yoyote Pioneer, inama, utaona. Kwenye kabati la betri la Bro niliinama, nikazunguka. Nilichoona ni stika ya rangi na namba ya kupigia simu.

Mahindi ya mzee

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma, kwa sababu mimi si mwendeshaji na sina pikipiki.

Mzee wangu ni mkulima wa mahindi hapa Uasin Gishu. Mahindi hupimwa unyevu. Bodi ya Nafaka na wanunuzi wakubwa wanataka usiozidi asilimia 13.5, na wana sababu: yakiwa na maji yanaota ukungu ghalani, na ukungu wake una sumu. Zamani mzee alipima kwa meno. Ukiuma punje ikavunjika kwa mlio, imekauka. Baadaye akajifunza njia ya chumvi: unaweka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya soda, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado. Isiponata, yako tayari.

Mwaka wangu wa pili chuoni chumvi haikunata. Mzee alikodi gari, tukapeleka magunia kwa mnunuzi mmoja ambaye sitamtaja. Kijana akachoma gunia, akamimina punje kwenye mashine ndogo, ikasoma 14.6. Turudi nayo. Mzee akasema mashine imeharibika. Kijana akasema mashine ni mpya. Tulikuwa tumesimama hapo, mimi mwanafunzi wa uhandisi, na sikuwa na neno hata moja la kumsaidia baba yangu. Tulirudi, mvua isiyo ya msimu ikanyesha, na mwishowe alimuuzia dalali kwa bei ya dalali. Karo ya muhula uliofuata haikupatikana. Wala ya ule mwingine. Ndiyo maana leo ninaandika badala ya kuhandisi.

Miaka ilipita nikiamini ile mashine ilitudanganya. Halafu, nikisoma kwa ajili ya makala hii, nikaja kuelewa kilichotokea, na sikufurahi. Njia ya chumvi inakwambia kama mahindi yako chini ya asilimia 15 hivi. Ukomo wake ni hapo. Mnunuzi anataka 13.5. Kwa hiyo chumvi ilisema kweli, na mashine huenda ilisema kweli. Mzee wangu alianguka katikati, kwenye nafasi ndogo kati ya kipimo chake na kipimo chao. Hakuna aliyemwibia. Alikuwa tu na kipimo butu kuliko cha anayenunua.

Huu mji ungepaswa kulijua hilo kuliko mwingine wowote. Ulianza kama namba kwenye ramani ya mpimaji ardhi, shamba la 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Na ni mji wa wakimbiaji. Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna 2019, dunia nzima ikaona, na bado haikuandikwa kama rekodi kwa sababu mbio zenyewe hazikupangwa kwa masharti ya rekodi. Hapa hata mtoto anajua kwamba kukimbia ni jambo moja, na kukimbia kukahesabiwa ni jambo jingine.

Daftari

Kwa hiyo nilimwambia Bro tununue daftari.

Kila betri ina namba yake kwenye ganda. Akibadilisha, anaandika namba ya betri, kilomita zilizo kwenye kioo, na asilimia. Akiirudisha, anaandika tena. Pembeni anaweka alama: alikuwa na abiria wengi, mizigo, au mvua. Wenzake wawili wa steji wakajiunga, mmoja kwa dharau, akisema sasa tumekuwa makarani.

Baada ya wiki tano daftari likaanza kuongea. Kulikuwa na betri tatu ambazo kila aliyezipata alilalamika, bila kujua mwenzake alishazilalamikia. Kati ya betri nzuri na hizo, tofauti ya kilomita ilikuwa kama theluthi. Hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni kwamba daftari lilimshitaki Bro pia. Hata kwa betri nzuri alikuwa akienda umbali mfupi kuliko wenzake. Tukaangalia, tairi lake la nyuma lilikuwa na upepo kidogo, kwa sababu alilipima kwa kidole gumba, kama enzi ya Black Mamba. Alijaza, kilomita zikaongezeka. Hakulizungumzia tena jambo hilo.

Tena tuliona asubuhi za baridi kali zinapunguza umbali kwa kila betri, na kweli lithiamu haipendi baridi. Kwa hiyo si kila upungufu ni wa kampuni. Ukienda kwao ukipayuka kwamba betri zote ni mbovu, watafungua kompyuta yao na watakushinda. Watakuwa na haki.

Bro hakupayuka. Alienda na daftari, akalifungua, akaonyesha namba tatu. Anasema dada wa ofisini alilitazama muda mrefu, akalipiga picha kurasa, akauliza nani alimfundisha. Betri mbili kati ya hizo hazijaonekana tena kabatini. Ya tatu bado inazunguka. Kuhusu kupewa afya ya betri kwenye karatasi, au kulipa kulingana na umeme uliotumika kweli, hajajibiwa.

Sitaki ufikiri ninaishitaki pikipiki ya umeme. Bro mwenyewe harudi kwa petroli. Kubadilisha betri kumemwondolea mzigo wa kununua kitu kinachozeeka, na hilo si dogo. Ninachosema ni kwamba katika historia hii yote, kutoka Busia hadi hapa, aliyepanda chombo alikuwa pia na njia ya kukipima, na sasa njia hiyo imetoka mikononi mwake bila mtu kumwuliza. Maabara iliyoiangusha ile betri kutoka mita moja ilifanya kazi yake. Bado tunahitaji mashine ya kunyonya betri mahali ambapo mwenye boda anaweza kuingia, hata kama ni moja kwa mji mzima, hata kama ni kwenye karakana ya chuo. Tunahitaji mhuri wa mizani ufike kwenye kabati. Na namba ya afya iandikwe kando ya namba ya chaji, pale kwenye kioo, kwa maandishi makubwa.

Mpaka hapo, kuna daftari. Wiki iliyopita nilimsindikiza Bro kubadilisha betri. Kabati likafunguka, akaitoa, ikasema 100%. Hakuiweka kwenye pikipiki. Aliigeuza kwanza, akapitisha kiganja chini mpaka akaipata stika, akaisoma namba polepole huku kijana wa kabati akimngoja.

"Hii sitaki," akasema. "Nipe hiyo nyingine."